Muziki wa gemu za zamani kwa chaneli nne: mwongozo kutoka Dodoma

Mbukwenyi!

Mpwa wangu anatengeneza gemu. Mbuzi anavuka barabara karibu na Nyerere Square, bodaboda zinamjia kulia na kushoto, na kila akivuka salama anapata kishada cha zabibu. Ameijenga kwa Scratch, programu ya watoto ya kuunda gemu, ambayo siku hizi ina hadi lugha ya Kiswahili, na inachezeka vizuri kabisa. Shida ilikuwa muziki. Alikuwa ameweka wimbo wa bongofleva aliopakua, na kila mbuzi akigongwa wimbo unaanza upya kwenye sekunde ya kwanza. Baada ya kugongwa mara kumi, nyumba nzima tulikuwa tunaombea umeme ukatike.

"Mjomba, nataka ile milio ya zamani," akaniambia. "Ile ya ti-ti-ti-ti."

Tulikaa jioni tatu tukaipata. Ninayoandika hapa ndiyo tuliyofanya, pamoja na makosa ambayo nisingependa uyarudie.

Vitu vya kuwa navyo

Kompyuta yoyote inayofungua kivinjari, hata ile laptop ya zamani inayopumua kama treni ya mizigo. Simu inawezekana, ila visanduku ni vidogo na kidole kitakukosea adabu. Tafuta pia hedifoni, hata za bei ya chini, kwa sababu spika ya simu haitoi besi. Utaiongeza besi mpaka mwisho ukidhani haipo, kisha siku ukiisikia kwenye spika kubwa utashangaa.

Chombo chenyewe kinaitwa BeepBox, kazi ya John Nesky, na kinapatikana beepbox.co. Ni bure na hakihitaji kujisajili. Kwa sisi wa kuhesabu bando kuna habari njema zaidi: sauti inatengenezwa na kompyuta yako mwenyewe, haishuki kutoka mtandaoni kama video. Ukishafungua ukurasa, unaweza kukesha ukipiga na bando lisishtuke.

Kabla ya kugusa kitu, ijue mashine ya zamani

Hapa nakuomba usiruke, maana wengi wanapotelea hapa. Wanatafuta sauti za kizamani, wanazipata, halafu wanapanga sauti ishirini kwa mpigo mmoja. Kinachotoka si muziki wa gemu za zamani. Ni muziki wa kawaida uliovaa nguo za kukodi.

Mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983 kwa jina la Famicom, ambayo nje ya Japani ilijulikana kama NES, ilikuwa na chaneli tano tu, yaani njia tano za kutolea sauti. Mbili zilitoa wimbi la mraba, ule mlio mkali unaobeba wimbo. Moja ilitoa wimbi la pembetatu, laini na la mviringo, ambalo watunzi walilipa kazi ya besi. Ya nne ilitoa kelele, ile shhh ya redio isiyoshika stesheni, na humo ndimo zilimotoka ngoma. Ya tano ilipiga vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa, lakini vilikula kumbukumbu ya kaseti, kwa hiyo gemu nyingi ziliitumia kwa ubahili. Kompyuta ya Commodore 64 ya mwaka 1982 ilikuwa na sauti tatu. Game Boy ya mwaka 1989 ilikuwa nazo nne.

Kama umewahi kuimba kwaya, picha umeshaipata: soprano, alto, besi na mpiga ngoma. Mwimbaji wa tenor amebaki nyumbani.

Na kila sauti ilikuwa na tabia yake. Wimbi la mraba liliweza kubadilishwa upana: likiwa nusu kwa nusu linatoa sauti iliyojaa, karibu na filimbi. Ukilibana hadi asilimia 25 linachangamka. Likifika asilimia 12.5 linatokea puani, na mimi nikilisikia hapo nakumbuka zeze. Pembetatu ya NES haikuwa na kitufe cha kupunguza sauti. Ama inalia ama imenyamaza. Kwa hiyo mtunzi hakuweza kuishusha besi, ilimbidi apange vingine vyote kuizunguka. Halafu kuna hili linalonichekesha: mhusika akiruka au akiokota kitu, mlio wa tukio hilo mara nyingi uliazima chaneli moja ya muziki kwa muda. Ni kama mpiga marimba ameacha vyuma akaenda kufungua mlango, kisha akarudi.

Nikimweleza mpwa wangu haya, aliona ni umaskini. Nikampeleka kwenye jambo analolijua. Mpiga ilimba wa Kigogo, ile marimba ya kushika mkononi, anatumia vidole gumba viwili. Kimoja kinauliza, kingine kinajibu, na katikati yake sikio lako linasikia wimbo wa tatu ambao hakuna kidole kinachoupiga. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, aliichukua ilimba hiyohiyo na zeze akazunguka navyo majukwaa ya Ulaya. Tena ilimba nyingi zina kitundu kwenye kisanduku kilichozibwa kwa utando wa buibui, kusudi mlio ukwaruze kidogo. Wazee walikuwa wanatafuta mkwaruzo kwa makusudi. Wimbi la mraba linao tayari.

Kwa hiyo sharti letu likawa hili: chaneli nne, haiongezwi hata moja. Kila tulipohisi wimbo umepwaya tulibadilisha noti.

Kuandaa ukurasa

Ukifungua BeepBox utaona uwanja mkubwa wa mistari, ambapo noti zinawekwa. Chini yake kuna safu za visanduku vyenye namba. Kila safu ni chaneli, kila kisanduku ni kipande cha wimbo. Pembeni kuna mipangilio. Bonyeza File uchague wimbo mpya mtupu, ili usianze na vya mtu mwingine.

Kuweka noti, bonyeza. Kuifuta, ibonyeze tena. Kuirefusha, ivute kwa pembeni. Ukiivuta juu au chini mlio wake unateleza, jambo tamu sana, ila liache kwanza. Kitufe kirefu cha nafasi kwenye kibodi kinapiga na kusimamisha wimbo.

Sasa nenda kwenye Scale, yaani skeli, orodha ya noti unazoruhusiwa kutumia. Kuna iliyoandikwa easy na uso unaotabasamu. Hiyo ina d, r, m, s, l peke yake, yaani do, re, mi, so, la za kwaya. Hakuna f wala t, na ndizo zinazowakwaza wanaoanza. Ndani ya skeli hiyo, hata mtoto akigusagusa ovyo kitatoka kitu kinachosikilizika. Wajuaji watakwambia ni ya watoto. Waache.

Mwendo uko kwenye Tempo. Tulianza na 120, mpwa wangu akasema mbuzi anatembea kama mheshimiwa anayeingia bungeni. Tukapanda 150. Piga hesabu mapema: kisanduku cha mapigo 8 kwa mwendo wa 150 kinachukua sekunde 3.2, hivyo visanduku 16 ni sekunde 51 na kidogo. Huo ni urefu unaotosha kwa hatua moja ya gemu. Ukifupisha sana, mchezaji atauchoka wimbo kabla hajazoea vidhibiti.

Halafu gawa kazi. Kwenye Type ya kila chaneli kuna kundi la sauti za retro. Ukitaka kuchagua wimbi mwenyewe, tumia chip wave. Chaneli ya kwanza ipe mraba, ya pili ipe mraba uliobanwa, ya tatu pembetatu. Ya nne, ya chini kabisa, ni ya kelele.

Anza na besi

Najua mkono unawasha kuanza na wimbo wenyewe. Zuia mkono. Besi ikikaa, wimbo utajileta.

Nenda chaneli ya tatu, sehemu ya chini ya uwanja. Kisanduku cha kwanza tuliweka d kwenye pigo la 1 na la 3, kisha s ya chini kwenye la 5 na la 7. Noti fupi, za nusu pigo, zenye pumzi katikati. Kisanduku cha pili tuliweka l ya chini mara mbili, kisha s mara mbili. Basi. Visanduku viwili vikipokezana ni besi ya wimbo mzima, na mbuzi ameshaanza kutembea.

Kosa letu la jioni ya kwanza: noti za besi zilikuwa ndefu, zimegusana. Ikawa mlio mmoja usiokatika, kama mashine ya kusaga. Pembetatu haina mshindo mwanzoni mwa noti, kwa hiyo bila pumzi sikio halijui noti mpya imeanza wapi. Tulipokata kila noti ikabaki nusu pigo, besi ikaanza kucheza.

Ngoma kwa kelele

Hapa pita haraka. Kwenye chaneli ya nne, noti ya chini inatoa mshindo mzito, ya juu inatoa mlio mwembamba. Weka nzito kwenye pigo la 1 na la 5, nyembamba kwenye la 3 na la 7. Kisha ongeza nyembamba fupi mno kila nusu pigo, na ushushe sauti yake: hizo ni njuga za miguuni. Zikizidi ukali, gemu nzima itasikika kama inanyesha mvua ya mawe juu ya bati.

Wimbo, yaani kiongozi na waitikiaji

Usitafute wimbo mrefu. Tafuta noti nne ambazo mtu atazipiga mluzi akienda dukani. Zetu zilikuwa s, m, s, l. Umemaliza swali, sasa jibu: s, m, r, d. Rudia swali lilelile, lakini jibu la pili libadilishe mwisho, lipande d ya juu badala ya kushuka. Kipande chako cha kwanza kimepatikana.

Jaribio ni rahisi. Zima chaneli nyingine zote, sikiliza wimbo peke yake. Ukichosha, hakuna besi wala ngoma itakayouokoa. Wetu ulichosha mara tatu. Mara ya nne mama yake alipita kutoka jikoni anauimba bila kujua, tukajua tumefika.

Kumbuka kuacha nafasi. Mtu anayeanza hujaza kila pigo kama anayelipwa kwa noti. Kimya cha mapigo mawili mwishoni mwa jibu ndicho kinachompa kidole gumba cha pili mahali pa kuingia.

Chaneli ya pili, na ujanja wake

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Chaneli ya pili ina kazi tatu, na ukiwa mjanja itazifanya zote ndani ya wimbo mmoja.

Kazi ya kwanza ni mwangwi. Mashine za zamani hazikuwa na mwangwi, kwa hiyo watunzi waliutengeneza kwa mkono: wimbo uleule, kwenye chaneli ya pili, umechelewa kidogo na sauti imeshushwa. Andika upya noti zako ukianza nusu pigo baadaye, kisha shusha sauti ya chaneli hadi usikie kama kitu kilicho ng'ambo ya korongo. Ghafla gemu inakuwa na uwanja mpana. Mpwa wangu alidhani nimewasha kitu.

Ya pili ni kudanganya kwamba kuna noti tatu kwa pamoja. Chaneli moja iliweza kutoa noti moja tu kwa wakati mmoja, lakini hakuna aliyesema zisibadilike haraka. Watunzi walizizungusha d, m, s mara kadhaa ndani ya sekunde, wakibadilisha noti kwa kila picha ya skrini au kila baada ya picha mbili, na picha hizo zilikuwa 60 kwa sekunde kwenye televisheni za Marekani na Japani. Sikio linashindwa kuzihesabu, linasikia kitu kimoja kinachometameta. Hiyo ndiyo ti-ti-ti-ti aliyokuwa anaitaka. Kwenye BeepBox panga noti tatu juu ya moja nyingine mahali pamoja, kisha kwenye mipangilio ya chombo, sehemu ya noti za pamoja, chagua arpeggio.

Kazi ya tatu ni kujibu. Pale kiongozi alipoacha kimya, tia noti mbili tatu ndogo. Usimkatize. Nikisema usimkatize simaanishi kwa heshima tu. Mawimbi mawili ya mraba yakigongana kwenye noti zilizo jirani yanapiga kelele kama paka wawili juu ya bati.

Sisi tuliweka mwangwi visanduku nane vya kwanza, ti-ti-ti-ti vinne, na majibu vinne vya mwisho. Namba kwenye visanduku ndizo zinazoamua kipande gani kipigwe. 0 ni kimya. Mwisho wa mzunguko hakikisha noti ya mwisho inaelekea ya kwanza, yaani usimalizie d iliyotulia kama aleluya. Malizia r au s, kitu kinachoomba kuendelea, kwa sababu wimbo wa gemu hauishi, unageuka.

Kwa anayetaka uwe wa Kigogo kweli

Skeli ya d, r, m, s, l ni nzuri lakini si ya hapa. Ukisikiliza nyimbo za Kigogo kwa makini utakuta mahali pa l pana noti nyingine, ile ambayo walimu wa kwaya wanaiita ta, t iliyoshushwa. Yaani d, r, m, s, ta. Wataalamu wa muziki wameeleza kwamba inatoka kwenye milio ya asili inayojipanga juu ya noti moja ya chini, na ta hiyo ni mlio wa saba katika mpangilio huo. Kwenye BeepBox weka Scale kuwa expert ili noti zote zifunguke, kisha jizuie mwenyewe: ukiwa kwenye C, tumia C, D, E, G na B iliyoshushwa nusu toni. Nyingine zione kama hazipo.

Kuna dosari moja. Ta ya kompyuta imekaa juu kuliko ta ya ilimba, karibu theluthi ya nusu toni. Jirani yetu mmoja mzee, anayepiga zeze, alisikiliza wimbo wetu wa pili akatikisa kichwa: "Mmekaribia, wanangu. Ila hiyo moja imepanda." Moja tu, na ndiyo hiyohiyo.

Kuhifadhi, na kilichotupata

BeepBox haina akaunti kwa sababu wimbo wote unaandikwa ndani ya kiungo cha ukurasa. Ukiongeza noti, kiungo kinabadilika. Ukikihifadhi kiungo, umehifadhi wimbo. Mimi kwa akili zangu nilimtumia mpwa wangu kiungo kwa meseji ya kawaida, kikagawanyika vipande vinne, kimoja kikapotea. Tulipoteza jioni ya pili yote. Sasa tunakibandika kwenye faili la maandishi kwenye kompyuta, kila baada ya badiliko kubwa, na tarehe pembeni. Ukisahau, ndani ya File kuna sehemu ya kurejesha nyimbo za karibuni, ila itasaidia tu kama ni kompyuta yako. Ya kukodi haina kumbukumbu wala huruma.

Ukimaliza, File, kisha Export. Chagua wav, na mzunguko uwe mmoja. Usichague mp3 kwa wimbo wa kuzunguka: namna mp3 inavyobana sauti huacha ukimya mdogo sana kwenye ncha za faili, na kila wimbo ukigeuka utasikia kikwazo, kama sahani iliyokwaruzwa.

Kwenye Scratch, pakia faili hilo kwenye jukwaa, wala si kwenye mbuzi. Amri ya kupiga sauti hadi iishe iweke ndani ya mzunguko usiokoma, chini ya bendera ya kijani. Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wa mwanzo: alikuwa ameuweka wimbo kwenye tukio la kugongwa. Muziki na ajali visikae nyumba moja.

Milio ya matukio

Kuruka, kuokota zabibu, kugongwa: hii itengeneze kwa jsfxr, inayofunguka kwenye kivinjari vilevile. Inatokana na sfxr, programu ndogo ya mwaka 2007. Unabonyeza kitufe cha aina ya tukio, inakupa mlio wa kubahatisha, unabonyeza tena mpaka ukipenda, unapakua. Dakika kumi zinatosha. Jambo moja tu la kuangalia: mlio wa kuokota uwe juu kuliko wimbo, na wa kugongwa uwe chini, ili visiingiliane na chaneli ya kwanza.

Ukishazoea na ukataka mashine ikubane kwelikweli kama watunzi wa 1983, pakua FamiStudio, nayo ni bure. Humo sheria za NES zinafuatwa, pembetatu haishuki sauti hata ukililia, na kuna sehemu ya kushusha noti kwa vipande vidogo sana. Tumeitumia kuishusha ile ta. Mzee wa zeze bado hajaisikia, yuko shamba.

Mbuzi naye bado anagongwa na bodaboda ya nne, hata akiwa ameshavuka. Hilo ni la programu, na mjomba hahusiki.